Dumu la Bibi Koleta

Wanangu wa Klabu, mwaliko wenu nimeupata. Adventina, katibu wenu, aliutuma kwenye simu Jumatatu asubuhi, na tangu Jumatatu hiyo sijakaa kitako. Nabandika chai jikoni, naisahau mpaka sufuria inaungua. Natoka kuangalia migomba, narudi ndani, nakaa, nasimama tena. Mume wangu amesema nikiendelea hivi atanifunga kamba nyuma ya nyumba pamoja na mbuzi, walau nipunguze majani.

Mmenipa heshima kubwa, nakiri. Mnataka niwe mgeni rasmi wa maandamano ya siku ya pili ya Krismasi, niketi kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, kisha nikate utepe wa chemchemi mpya mliyoijenga kule Mabira. Mmeweka hata picha yangu ya zamani, ile yenye filimbi mdomoni na mashavu yamevimba. Kasinge, asanteni sana. Lakini jana nilipanda bodaboda nikaenda kuiangalia hiyo chemchemi bila kuwaambia, na leo nimekwenda tena. Dereva akaniuliza kama kuna kitu nimekipoteza kule. Nikamwambia kipo, ila nilikipoteza kwingine, na zamani.

Jibu la mwaliko mtalipata mwishoni. Kwanza nisikilizeni, na mnivumilie nikiruka huku na huku. Sijawahi kusimulia jambo kwa mstari ulionyooka, na uzee haujanisaidia.

Kwa mlioingia Klabu juzi: mimi nilikuwa bibi maendeleo wa kata kwa miaka thelathini na moja. Kazi yenyewe ni kuzunguka vijijini na faili kwapani, kuwakusanya watu, kuwauliza wanataka nini, kisha kuhakikisha wanakifanya wenyewe. Jumamosi nilivua ofisi nikavaa Klabu. Huko nilikuwa msimamizi wa miradi, na ndimi niliyeshika filimbi ya maandamano. Tulikuwa walimu, manesi, wakulima wa kahawa, mafundi na wenye maduka. Tuliezeka nyumba za wajane, tulitengeneza madaraja ya miti, na kabla bodaboda hazijazagaa tulibeba wagonjwa kwa machela mpaka hospitali ya Nyakahanga, wanne wanabeba, wanne wanasubiri zamu. Mabega yangu mpaka leo hayalingani. Fundi cherehani wangu anajua.

Na mara moja kwa mwaka, tulitembea. Hilo mmelirithi: tarumbeta za usharika, bango, majembe begani, Kaisho nzima barabarani, na mwisho wa safari mradi wa mwaka unafunguliwa.

Niwaambie jambo kuhusu kutembea, maana nimeona mpango wenu na mmewaweka vijana mbele. Msifanye hivyo. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo mimi. Vijana wakaondoka kwa kasi, tarumbeta zikawafuata, na akina mama wazee wakabaki nyuma nusu kilima. Katikati pakawa na nafasi kubwa, na kwenye nafasi ile likaingia kundi la ng'ombe wa pembe ndefu waliokuwa wakienda kunywa maji. Mgeni rasmi wa mwaka ule alikuwa haoni vizuri. Akasimama, akavua kofia, akawapungia mkono ng'ombe wote mpaka wa mwisho. Tangu siku hiyo naweka wazee mbele. Mwendo wa maandamano ni mwendo wa walio mbele, na hakuna bibi wa Kaisho atakayekubali ng'ombe ampite.

Na wapiga tarumbeta msiwapandishe mlima wakipiga. Pumzi inakata, wimbo unatoka kama kikohozi. Wapelekeni juu mapema, wapumzike, wapige wakiwa wamesimama, ninyi mpande mkiwafuata wao. Watu hupanda vizuri wakiwa na kitu cha kukifuata.

Sasa nimeanza kufurahi, na sikukaa kuandika ili nifurahi.

Klabu yetu ilikuwa na ugonjwa, na naona mmeurithi pamoja na bango. Mimi nauita homa ya Krismasi. Mradi una siku yake ya kuiva, na maandamano yana siku yake, na siku hizo mbili hazijuani kabisa. Lakini kwa kuwa tarumbeta zimeshaalikwa, kitambaa kimeshakatwa na ndizi zimeshavundikwa ziive, basi mradi lazima ukamilike, utake usitake. Mwaka mmoja tulifungua daraja ambalo mkono wake wa kushikia ulifungwa kwa kamba za migomba na kupakwa rangi ya bluu ili zisionekane. Mgeni aliuegemea akipigwa picha. Nilisali sala zote nilizofundishwa kipaimara, na za Wakatoliki pia.

Daraja lile tulilimaliza Januari, hakuna aliyeumia, tukacheka. Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Mtu akiponea chupuchupu akacheka, mwaka unaofuata anarudia bila hofu.

Mwaka uliofuata mradi wetu ulikuwa Rwakabindi.

Rwakabindi ni bonde dogo, nusu saa kwa miguu kutoka Kaisho. Palikuwa na chemchemi ya asili, kidimbwi tu kati ya mawe, na watu walichota kwa kopo huku ng'ombe wakinywa upande wa pili. Maji yalikuwa machafu, lakini yalikuwapo Januari na yalikuwapo Julai. Aliyekaa karibu nayo kuliko wote alikuwa Bibi Koleta, mjane, goti lake moja limekufa ganzi, anatembea akilivuta. Ndiye aliyenifanya niipendekeze chemchemi ile. Nilimwona akichota, akichuja kwa kanga yake, na nikamwambia Klabu itamletea maji safi. Akanijibu kwamba ni vizuri, ila tusiyafukuze haya aliyonayo. Nilicheka, nikidhani ananitania.

Fundi tuliyempa kazi alikuwa Nestori. Wazazi wake walitoka Burundi wakati yeye bado anabebwa mgongoni, na maisha yake yote alikuwa kibarua katika vibanja vya watu, mashamba yao ya migomba na kahawa. Hakuwa na cheti cha chochote, ila hakuna aliyemzidi kwa chemchemi. Yote ninayoyajua kuhusu maji alinifundisha yeye, akiwa ameinama na miguu matopeni. Alinifundisha kwamba chemchemi haipimwi Desemba, wakati mvua inaisaidia. Unakwenda Julai, unatega ndoo, unahesabu mpaka ijae, na hesabu hiyo ndiyo ukweli wako. Alinifundisha kwamba ukifika kwenye jicho, pale maji yanapotokea ardhini, unaweka sululu pembeni na unachimbua kwa mikono. Na alisema vyura ni mashahidi wazuri. Wakihama, usiulize kwa nini, uliza wamehamia wapi.

Ukuta ulikwenda vizuri. Nestori alifuata maji mpaka kwenye jicho, akajenga tangi dogo nyuma ya ukuta, akapanga mawe, akaandaa udongo wa mfinyanzi wa kuzibia. Zikabaki siku kumi na mbili kabla ya maandamano. Nikafika na faili langu, nikaona pale anapotaka kupitisha bomba, chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu. Dumu la lita ishirini halisimami pale. Nikamwaza mgeni rasmi ameinama, makalio juu, mbele ya kwaya na mpiga picha.

Nikamwambia Nestori apandishe bomba mpaka usawa wa goti.

Akasema, "Mama, dumu lisipoingia unachimba chini, unaweka ngazi. Ukipandisha bomba, maji yatalemewa. Yatatafuta njia ya kwa jirani."

Kuchimba chini kulimaanisha kupasua mwamba wa mbele, na kupasua mwamba ni wiki mbili. Nilimwambia Krismasi haitusubiri. Alinitazama. Mimi nilikuwa mama wa ofisi, yeye kibarua. Akalaza bomba nilipotaka, akasawazisha vizuri kama kawaida yake, akanawa mikono akaenda kwao.

Siku nne maji yalitoka bombani, mazuri, ya baridi. Watu wa bondeni walikuja kuyaonja, na mimi nilitembea nimepanua kifua. Siku ya tano yakapungua. Siku ya nane yakawa uzi. Mkesha wa mkesha wa Krismasi nilikwenda nikakuta bomba kavu na kinyonga amekaa juu yake. Kidimbwi cha zamani tulikuwa tumeshakifukia kwa kokoto. Bonde zima halikuwa na tone.

Siwezi kuwaeleza nilivyojisikia bila kuona aibu upya. Nilichuchumaa nikaweka kidole ndani ya bomba, sijui nilidhani nitagusa nini.

Kamati ilikutana jioni hiyo shuleni. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Sospeter, alikuwa mtu wa haki, na aliuliza swali moja tu, nani alilaza bomba pale. Nikajibu, "Aliyelilaza ni Nestori."

Basi. Sikusema nani aliamuru. Nestori hakuwamo, hakuwa mtu wa vikao. Kila mtu akatikisa kichwa, mmoja akasema ndiyo matatizo ya kutumia vibarua, na mimi nikaandika kumbukumbu za kikao kwa mwandiko mzuri kabisa.

Kisha nikaongeza la pili. Nikasema tarumbeta zimeshapangwa na mgeni ameshatoka kwake, hatuwezi kurudisha watu. Tujaze lile tangi la nyuma kwa madumu, mgeni afungue, maji yatoke, watu wapige makofi, halafu Januari turekebishe kimyakimya. Wengine walisita. Nikawakumbusha daraja la bluu. Wakacheka, wakakubali.

Siku yenyewe tulileta madumu thelathini na mawili kwa baiskeli, kutoka mtoni, mapema kabla maandamano hayajafika. Bomba tukaliziba kwa gunzi la muhindi lililofungwa nailoni. Filimbi nilimkabidhi Sospeter, nikadai koo linaniuma. Mimi na wanachama wawili tukajificha kwenye migomba nyuma ya ukuta, mimi nikiwa na gauni langu la kitenge lenye vifungo vya dhahabu na viatu vya kisigino, madumu yamepangwa miguuni.

Nilisikia maandamano yangu kwa mara ya kwanza bila kuyaona. Tarumbeta zilipiga vizuri sana, na ziliniuma. Nikasikia utepe ukikatwa, gunzi likichomolewa, maji yakimwagika, vigelegele. Sisi nyuma tunamimina. Mpango ulikuwa maji yatoke kwa dakika kumi, mgeni aondoke kwenda kula. Lakini mgeni yule alikuwa mtu mwema aliyeguswa na jambo jema, na watu wa namna hiyo huhutubia. Alihutubia huku maji yanamwagika bure. Akaomba kwaya iimbe. Kwaya ikaimba beti zote. Dumu la kumi na tano. Dumu la ishirini. Kisigino changu kimoja kilizama kwenye tope kikabaki humo, mwenzangu amejawa na kicheko cha woga, anajiziba mdomo kwa jani la mgomba. Tulipofika la ishirini na tisa mgeni akasema amina, na wote wakaanza kupanda kwenda kwenye pilau.

Wenzangu wakaondoka kwa njia ya juu. Nilibaki kumimina yale matatu ya mwisho ili maji yasikatike ghafla, watu wa nyuma wasije wakageuka.

Ndipo nikasikia dumu likitegwa chini ya bomba.

Mtu aliyeteka maji maisha yake yote anajua sauti ya dumu. Mwanzo linapiga kelele, katikati linaguna, likikaribia kujaa sauti inapanda inakuwa nyembamba. Lile lilipiga kelele, likaanza kuguna, na likanyamaza hapohapo. Madumu yangu yalikuwa matupu yote. Nilisimama na kiatu kimoja. Aliyetega dumu hakuondoka. Nilisikia akikaa kwenye jiwe, akivuta mguu wake mmoja aunyooshe, nikajua ni nani.

Akakaa. Sijui muda gani. Nilihisi jua limehama.

Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Edita, hayo ya kwenu yameisha, au bado kuna dumu jingine?"

Nikatoka. Ningefanya nini. Nilizunguka ukuta nikachechemea mpaka mbele yake, nikamwamkia, shikamoo Bibi, na yeye akaniitikia marahaba kama siku nyingine yoyote. Aliniangalia mguu mtupu, akaangalia bomba. Sikumsikia akikasirika. Afadhali angekasirika.

"Kabla hamjatusaidia," alisema, "tulikuwa na maji."

Nimefanya kazi miaka thelathini na moja, nimehudhuria semina nyingi, nimepewa vyeti ambavyo panya wamevitafuna nusu. Sijawahi kufundishwa kitu kwa maneno machache kama yale.

Nililibeba lile dumu lake lenye nusu mpaka kwake. Kisha, nikiwa na gauni lilelile, nikaenda kwa Nestori.

Alikuwa ameketi nje anapukuchua maharage. Hakuwa amekuja kwenye maandamano. Nilianza maelezo marefu, na yeye akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Nimesikia kwamba aliyelaza bomba ni mimi. Ni kweli, nililaza." Akaendelea kupukuchua. Alimalizia maharage yaliyobaki. Akaingia ndani, akarudi na nyundo kubwa na gambuti za mkewe, akanirushia. Zilikuwa kubwa, nikazivaa.

Tulivunja ukuta siku tatu. Jumapili yake nilisimama kanisani wakati wa matangazo nikasema bomba la Rwakabindi lilikuwa limekosewa na Klabu inalirekebisha. Mmesikia nilivyolisema? Limekosewa. Kana kwamba lilijikosea lenyewe. Watu waliokwisha kusikia habari za kikao wakageuza shingo kumtafuta Nestori kwenye benchi la nyuma, na mimi nikakaa chini.

Maji yalikuwa yamehamia kwenye shamba la maharage upande wa chini, kama alivyosema. Vyura walituonyesha. Nestori aliondoa uzito wote juu ya jicho, akalisafisha kwa vidole, akateremsha bomba mahali pake, na tukaanza kupasua mwamba wa mbele. Kila asubuhi kabla ya ofisi nilimpelekea Bibi Koleta dumu la maji kutoka mtoni, kichwani, na bonde zima lilisimama kutazama bibi maendeleo anavyolowa mabega. Wanawake wengine walijibebea wenyewe, na walinipita bila kunisalimu. Asubuhi ya kumi na moja udongo pembeni mwa jicho ulikuwa umetoka jasho. Jioni yake ukawa machozi. Siku mbili baadaye maji yalitoka bombani, chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, na dumu likasimama kwenye shimo lake bila shida.

Bibi Koleta alishuka kwa makalio zile ngazi tano tulizochonga mwambani, ngazi moja baada ya nyingine, akatega dumu lake. Likajaa mpaka likamwagika. Akalifunika kwa kitambaa chake, akaniambia nishike upande mmoja.

Baada ya hapo nilileta kanuni kwenye Klabu: hakuna mradi wa maji unaofunguliwa kabla haujaiona Julai yake ya kwanza, na maandamano yatapita kukagua kazi ya mwaka jana, si kuzindua ya mwaka huu. Walikubali. Kwa miaka mingi tulitembea hivyo, na watu wakazoea kuona Klabu inaandamana kwenda kutikisa mkono wa daraja la zamani kuona kama unang'oka.

Nilipostaafu, ninyi mliifuta kanuni ile. Adventina aliniambia kwa adabu kwamba vijana waliona haina maana, kwamba inapoza moto. Sikumlaumu, na siwalaumu. Niliwapa kanuni nikawanyima sababu yake, kwa kuwa sababu yake ni mimi. Sheria isiyo na sababu inaonekana ni ukaidi wa wazee tu, na nani anataka kuandamana na ukaidi.

Nestori hakupewa tena kazi ya chemchemi. Hakuna aliyepiga kura, hakuna aliyesema, ila kila fundi alipotafutwa jina lake lilirukwa, na mimi nilikuwapo kwenye vikao hivyo. Wakati mwingine nilifungua mdomo. Nikafunga. Alirudi kulima vibanja vya watu. Tulipomzika mwaka juzi niliombwa niseme neno kwa niaba ya Klabu, nikasema alikuwa mchapakazi, mpole, mcha Mungu. Watu waliitikia. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Basi leo nasema, na mnaweza kulisoma hili kwenye mkutano, na mkilituma kwenye kundi la simu sawa tu. Bomba la Rwakabindi nililipandisha mimi, Edita. Nestori alinionya, na nikamnyamazisha kwa ajili ya sherehe. Kisha nikaacha jina lake lichafuke ili langu libaki safi.

Sasa njooni Mabira.

Bomba lenu liko usawa wa goti. Nimelipima kwa goti langu mwenyewe, mara mbili. Upande wa kushoto wa ukuta saruji ina rangi ya giza, na nilipoweka kiganja kilikuwa na unyevu. Katika shamba la chini yake ardhi inateleza, na mvua haijanyesha siku nne. Nikachutama nikasikiliza. Kuna chura mmoja tayari yuko kule shambani, na sauti yake ni ya mtu aliyehamia rasmi. Mtaniambia bomba linatoa maji mengi. Najua. Langu pia lilitoa mengi siku nne.

Mna wiki tatu. Ondoeni mfuniko, ondoeni uzito, teremsheni bomba mpaka chini ya jicho, na mwamba wa mbele upasueni. Nimewatafutia mtoto wa Nestori, Yakobo, anaishi palepale kwa baba yake na nyundo anayo. Nimeshazungumza naye na amekubali, baada ya kuniacha nisimame mlangoni kwa muda aliouona unanitosha. Mkishindwa kumaliza kabla ya sikukuu, tembeeni tu. Tarumbeta zitalia, ndizi zitaliwa, na mnaweza kuandamana mpaka kwenye daraja la bluu mkalitikise. Hakuna aliyewahi kufa kwa kukosa utepe. Lakini pale Mabira nimeona akina mama saba wakichota, na mmoja ana mimba kubwa, na kidimbwi chao cha zamani nimekiona pia. Mmeshakifukia.

Na jibu la mwaliko ni hili. Nitakuja. Kiti chenye kitambaa cheupe mpeni mwingine, mkasi pia mpeni mwingine. Bibi Koleta alipokuwa anakaribia kufa aliniachia dumu lake, lile la njano, na kitambaa chake cha kufunikia. Nitakuja nalo likiwa tupu. Hotuba zikiisha, kwaya ikimaliza, wote mkipanda kwenda kwenye pilau, mimi nitalitega chini ya bomba, nikae kwenye jiwe, nisubiri. Likijaa, nitapuliza filimbi mtaisikia mpaka Kaisho. Lisipojaa nitakaa palepale, na yeyote aliyejificha nyuma ya ukuta na dumu miguuni ajue namsikia.